Mlima Ukinyamaza

Barua ilikaa ndani ya mkebe wa unga majuma matano, na kila alipochota unga wa uji Syombua aliisogeza kando kwa ncha ya kidole, kana kwamba ni panya aliyelala. Haikuwa barua yake. Ilikuwa ya mke wa mwanawe, na mke huyo alilala chumba cha pili, hatua nne kutoka pale mkebe ulipokaa.

Msiwe wepesi kumhukumu. Syombua hakuwa mwizi wa barua. Alikuwa mjane wa Kikamba aliyekuja Ruiru na mumewe Munyao wakati timbo la mawe lilipofunguliwa ng'ambo ya mashamba ya kahawa, na tangu Munyao afe kwa kichomi alikuwa akiwapikia wachimba mawe uji wa asubuhi na isyo ya mchana, yale mahindi na maharagwe ambayo Wakikuyu wa pale waliyaita githeri na kudai ni chakula chao. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Kaleli, na Kaleli alikuwa askari.

Huyo Kaleli ndiye aliyeleta mambo. Alipokuwa kambini Mombasa alimwona msichana wa Kingazija aitwaye Echati, aliyekuwa akikaa kwa mjomba wake mpishi. Akampenda, akasilimu ili ampate, akamwoa, kisha akamletea mama yake habari hizo zote siku moja bila hata kumpa nafasi ya kukaa chini. Syombua alilia kanisani Jumapili tatu mfululizo. Jumapili ya nne msichana mwenyewe akashuka kwenye gari moshi stesheni ya Ruiru, mwembamba, amejifunga leso mbili, sanduku la bati kichwani. Akalitua sanduku, akapiga magoti mavumbini mbele ya mama mkwe wake, akasema "Mwaitu", yaani mama yangu, kwa Kikamba alichofundishwa njiani. Kilio kikaishia hapo.

Mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na mbili jeshi likampeleka Kaleli Malaya, kwenye vita ambavyo Syombua hakuambiwa ni vya nani. Wakabaki wanawake wawili na mimba ya miezi minne. Jioni Echati alimkanda Syombua magoti kwa mafuta ya nazi. Naye Syombua alishuka timboni kila asubuhi kumtafutia yale mawe laini meupe ambayo wajawazito huyatafuna, akiyachagua moja moja na kuyapuliza vumbi. Alimpenda yule msichana. Hakuwa amepanga kumpenda, lakini alimpenda, na mapenzi hayo yakamletea woga ambao hakuwahi kuwa nao maishani.

Alikuwa na woga mmoja tu: kwamba siku moja kwao wangemwita arudi. Echati alikuwa na bibi kule kisiwani, mama wa mama yake, ambaye alimlea tangu mama yake alipofariki. Alimwita Koko, yaani bibi, ingawa jina lake hasa lilikuwa Moinaecha. Kila siku ilikuwa Koko huyu, Koko yule. Koko hali samaki Jumatatu, Koko amegombana na imamu, Koko ana ng'ombe kumi na mmoja na kila mmoja ana jina lake. Syombua alisikiliza huku akitabasamu na roho ikimwuma. Usiku aliweka kiganja juu ya tumbo la Echati na kuzungumza na aliyemo. "Syombua mdogo," alisema, "lala, usimchoshe mama." Kwa Wakamba binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake, hilo halina mjadala, na Syombua alikuwa amelingoja jina lake lipate miguu mipya tangu Kaleli abaleghe.

Basi barua ilipofika kwenye ofisi ya timbo, imetoka Posta ya Thika ikiwa na stempu ya Kifaransa, Bedan akampa Syombua ampelekee mkwewe. Bedan alikuwa karani wa timbo na mzee wa kanisa, mtu wa kalamu mbili mfukoni. Syombua alifika mlangoni, akageuka, akarudi.

"Nisomee kwanza," alisema.

"Mama, barua hii si yako."

"Ana mimba. Kama ni kifo, nijue namna ya kumwambia."

Lilikuwa neno la haki nusu na uongo nusu. Bedan akaifungua. Aliyeandika ni Bakari, kaka yake Echati, aliyesoma Unguja na sasa alikuwa karani wa bandari huko kwao. Bedan akasoma kwa sauti ya kanisani:

"Dada Echati, baada ya salamu. Mlima ulikuwa ukimwaga moto upande wa mashariki tangu mwezi uliopita, ukapita juu ya mawe ya zamani, haukudhuru mtu. Sasa ni siku kumi umeacha. Umenyamaza kabisa. Ule wekundu tuliokuwa tukiuona kileleni usiku umezama, hauonekani tena. Koko bado yuko juu malishoni na ng'ombe zake. Tumemwambia ashuke, amekataa. Ungekuwepo wewe angeshuka. Ni mimi kaka yako, Bakari."

Bedan akaikunja. "Habari njema tupu. Mlima umenyamaza, mshukuru Mungu."

Hapa lazima mtu awajue watu wa timbo. Pale timboni kulikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto wa kutambaa aliijua. Gachanja, fundi wa baruti, alijaza mashimo yake, akagonga kipande cha reli kilichotundikwa mtini, akawasha tambi na kukimbia. Kila mtu alijibanza na kuhesabu milio. Mashimo saba, milio saba. Milio ikitimia, kukawa kimya, basi hatari imekwisha. Gachanja anainua kitambaa cheupe na watu wanatoka kwenda kula. Kwa miaka kumi na tisa Syombua alikuwa amepakua chakula chake ndani ya kimya hicho. Mlima uliokuwa ukimwaga moto sasa umenyamaza? Kwa hiyo umemaliza, watu na wale chakula. Hakuona zaidi ya hapo.

Alichoona ni yale maneno mengine. Ungekuwepo wewe angeshuka. Aliyasikia hivi: rudi nyumbani. Akasema moyoni kwamba msichana mwenye mimba asisumbuliwe na kisa cha bibi mkaidi na mlima uliokwisha kupoa. Akijifungua salama nitampa. Akaitia barua ndani ya mkebe wa unga, akamwomba Bedan anyamaze. Bedan, kwa kuwa alikuwa ameifungua kwa mkono wake, alinyamaza vizuri sana.

Siku iliyovunja mambo ilikuwa Alhamisi. Gachanja alijaza mashimo saba, na ikasikika milio sita.

Mlio mmoja ukikosekana hakuna anayesogea. Huenda tambi imezimika, huenda inaungua chini kwa chini, na fundi hushuka kuitazama baada ya saa nzima kupita. Kwa hiyo wanaume themanini walikaa kimya juu ya ukingo wa timbo, na Syombua na Echati wakakaa nao kando ya masufuria, isyo ikipoa. Echati, mimba yake sasa ya miezi minane, alikuwa akitafuna jiwe lake jeupe na kuutazama ukuta wa timbo upande wa pili, ulivyokatwa wima, tabaka la kijivu juu ya tabaka jeupe.

"Haya ni majivu," alisema.

Gachanja alikuwa karibu. "Majivu ya nani? Nani alipika chakula kingi hivyo?"

"Ya mlima. Kwetu mtu akichimba kisima hukuta hivi hivi, moja juu ya jingine. Jiwe hili nalipendea nini? Linanukia kwetu." Akalinusa. "Hapa pia palilipuka, zamani sana."

Wanaume wakacheka chini kwa chini, maana kimya cha mlio uliokosekana si cha kucheka kwa nguvu. Syombua hakucheka. "Lakini uliniambia mlima wenu ni mpole," alisema. "Uliniambia mkiwa watoto mlichoma ndizi pembeni ya moto wake."

"Ni mpole, Mwaitu. Miaka nenda miaka rudi ni mpole. Moto unatoka kama uji uliofurika, unatambaa polepole. Watu wanachukua vyungu na mbuzi, wanasogea, ukipita wanarudi. Hakuna anayeuogopa ukimwaga." Alijipangusa vumbi la jiwe mdomoni. "Tunauogopa ukinyamaza."

"Kwa nini ukinyamaza?"

"Kule juu kuna shimo kubwa lenye moto, na usiku wekundu wake unaonekana hata kutoka pwani. Siku ule wekundu ukizama, ujue moto umeshuka chini kabisa na tumbo la mlima limebaki tupu. Kilele hakina kinachokishika. Kinaanza kuporomoka, kinaangukia ndani mwake chenyewe. Halafu maji ya mvua yaliyojaa ardhini yanakutana na moto kule chini, na hapo ndipo unapolipuka. Mawe kama nyumba. Majivu hadi mchana unakuwa giza. Babu yangu alikufa hivyo, mama yangu akiwa mtoto mdogo. Mlima ulikuwa umenyamaza siku nyingi, akasema umekwisha, akapanda kuwafuata ng'ombe. Hawakupata hata kofia yake."

Mwiko ulimtoka Syombua mkononi.

"Na tangu unyamaze," aliuliza, "huchukua siku ngapi?"

"Hakuna hesabu. Siku tano. Miezi miwili. Mara nyingine haulipuki kabisa." Echati akamtazama. "Mwaitu, mbona umebadilika rangi?"

Saa ilipopita Gachanja alishuka, akakuta tambi imelowa, shimo la saba halikulia. Akainua kitambaa cheupe. Syombua aliwapakulia wanaume themanini bila kumwona hata mmoja, na inasemekana siku hiyo kuna watu waliokula mara mbili.

Nyumbani hakungoja. Mtu mwoga akishaamua hufanya haraka kabla woga haujarudi. Aliinama kwenye mkebe, akaitoa barua, akaikung'uta unga, akaishika kwa mikono miwili mbele ya Echati.

"Imekuwa hapa majuma matano. Bedan alinisomea. Nilifikiri wanakuita urudi, nami sikutaka uende. Na iliposema mlima umenyamaza nilifurahi."

Echati alisoma taratibu, midomo ikicheza. Alipofika mwisho alianza tena. Syombua alingoja kelele. Kwa kweli aliziomba. Angepigwa kofi angeshukuru. Echati hakupiga kelele. Aliiweka barua kifuani, akaketi juu ya kigoda akitazama moto wa jikoni, na hakusema neno, na Syombua akaanza kuelewa kwa mwili wake mwenyewe kwa nini watu wa kisiwa kile huogopa kimya.

"Sema kitu, mwanangu," alisema mwishowe.

"Yeye anajua," Echati alisema. "Hiyo ndiyo shida. Koko anazijua dalili kuliko wote. Haketi kule juu kwa ujinga. Babu yuko kule. Mama alipofariki alitaka kupanda akae huko moja kwa moja, akabaki chini kwa sababu yangu, nilikuwa na miaka sita. Nikaenda Mombasa, akapanda." Akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Bakari anamwambia ashuke kwa sababu ni hatari. Hatari haimshushi yule. Anashuka akiwa na mtu wa kumshukia."

Hakusema Mwaitu. Syombua aliliona pengo la neno hilo kama mtu anavyoliona pengo la jino, na usiku ule alijichukia kwa dhati.

Asubuhi walipanda lori la mawe la Mulei, dereva wa timbo, Echati mbele juu ya mto wa manyoya ya kuku, Syombua nyuma juu ya mawe. Mulei aliendesha kwa uangalifu hadi magari ya ng'ombe yakampita. Walifika Thika jua likiwa limeshapanda, wakaingia Posta wakiwa weupe kwa vumbi wote wawili.

Karani wa Posta alikuwa mtu wa miwani na haraka. Akachukua karatasi ya telegramu, akachovya kalamu. "Maneno?"

"Koko shuka," Echati alisema. Machozi yakaanza. "Koko, tafadhali shuka. Ni hatari."

"Hayo Bakari ameshamwambia," Syombua alisema kwa upole.

"Sasa nimwambie nini? Nikimwambia namhitaji, atasema niko mbali, nina mume, nina nyumba. Atasema hana kazi tena kwangu."

Nyuma yao foleni ilikuwa ikirefuka. Karani aligonga kalamu yake mezani. Syombua alisimama akiitazama ile karatasi. Kulikuwa na kitu kimoja tu cha thamani alichokuwa nacho duniani ambacho bado hakikuwa cha mtu mwingine, naye alijua tangu jana usiku kwamba angekitoa. Alikuwa tu hajakutana na mahali pa kukitolea. Akaviweka viwiko vyake juu ya kaunta.

"Andika," alimwambia karani. "Koko shuka. Echati anazaa. Mtoto atachukua jina lako. Usimpe jina la marehemu. Syombua, mama mkwe."

Karani akaandika, akauliza Syombua inaandikwaje. Echati alikuwa amemgeukia.

"Jina ni lako," alisema. "Ndiyo mila yenu. Umemwita mtoto jina lako tangu mwezi wa nne."

"Alikuwa hanisikii. Hana masikio bado."

"Na akiwa mvulana?"

"Akiwa mvulana," Syombua alisema, "nitakuwa nimemdanganya mwanamke mzee kwa telegramu, na Mungu atanipangia foleni yangu. Gonga muhuri, baba, tunataka kurudi."

Basi wakangoja. Siku ya nne, siku ya sita. Echati alikuwa mwenye adabu. Alipika, alifagia, alimkanda magoti kama kawaida. Lakini alisema "chakula tayari" na "maji yamechemka", maneno yasiyo na mwenyewe. Syombua hakulalamika. Kila asubuhi alimletea mawe yake meupe akayaweka mlangoni.

Siku ya kumi na moja Bedan alikuja na gazeti chini ya kwapa, akasimama nje bila kubisha. Zilikuwa habari fupi, mistari michache tu chini ya bei za kahawa: mlima wa Ngazija umelipuka, sehemu ya kilele imeporomoka, majivu yameanguka vijijini, idadi ya waliopotea haijulikani. Alisoma mara moja tu. Echati alijishika ukuta, na uchungu ukamwanza hapo hapo, siku kumi na nane kabla ya wakati.

Kamene na Kalondu, wake wa wachimba mawe, walikuja wakakunja mikono ya nguo. Syombua alimshika Echati mgongoni kutwa nzima, na Echati akaukumbatia mkono wake akauuma, na Syombua akafurahi kuumwa. Jua lilipokuwa likichwea nyuma ya mibuni mtoto alizaliwa, mdogo, mwenye hasira, msichana.

Siku ya tatu, kwa desturi ya Kikamba, wanawake walikusanyika kumpa mtoto jina. Hakukuwa na jibu kutoka kisiwani. Kalondu, aliyekuwa mkubwa wao, alimchukua mtoto akamgeuzia Syombua huku tayari anacheka. "Haya basi, tumwite mwenyewe. Karibu, Syombua."

"Anaitwa Moinaecha," Syombua alisema.

Kukawa na kunong'ona. Kamene alijaribu kulitamka likamponyoka. Kalondu akamsogelea Syombua. "Huyo ni nani?"

"Ni bibi yake mama."

"Wa kwanza ni wako. Wewe umefanya kosa gani hata unyimwe jina?"

"Nimelifanya," Syombua alisema.

Kalondu akamtazama vizuri, akashusha sauti. "Na huyo mwenye jina yu hai?"

"Sijui." Hapo akalia mbele ya wanawake wote bila kujificha. "Sijui, Kalondu. Lakini nilimwahidi, na mtoto amekuja msichana. Mwite tu."

Kalondu akamwita hivyo, vibaya, lakini akamwita. Kitandani Echati aliukabili ukuta. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Wiki tatu zilipita. Syombua alikuwa amechuchumaa mbele ya masufuria yake ukingoni mwa timbo, kipande cha reli kimeshagongwa, Bedan alipokuja mbio akiinama kama anayepigwa mawe. Mkononi alikuwa na bahasha ya stempu ya Kifaransa.

"Nikusomee?" aliuliza.

"Koma," alisema Syombua.

Aliinyakua, akaishika kwa ncha za vidole kwa sababu mikono ilikuwa na unga, akaondoka. Nyuma yake baruti zikaanza kulia na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa hakuhesabu. Aliziacha sufuria, aliacha viatu, mwanamke wa magoti mabovu alipanda kile kilima akikimbia, na alipofika mlangoni kwa Echati hakuingia. Alinyoosha mkono tu, barua mbele, imefungwa kama ilivyokuja.

"Soma peke yako," alisema akihema. "Niko nje hapa."

"Ingia," Echati alisema.

Akaingia, akakaa kwenye kigoda, akapewa mtoto amshike ili mikono ya mama yake iwe huru. Echati akafungua. Alisoma mstari wa kwanza, akaufunika uso kwa karatasi, akalia, na Syombua akamkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka naye akalia, wakawa watatu.

"Ameshuka," Echati alisema ndani ya karatasi. "Ameshuka, ameshuka. Sikiliza." Akasoma kwa sauti, akikwama kila alipocheka:

"Telegramu ilifika Jumamosi, nikampandishia mwenyewe. Nilimsomea mara mbili. Aliuliza, huyu Syombua ni nani anayeniamuru? Nikasema, ni mama mkwe. Akasema, ana mdomo. Kisha akaanza kufungua ng'ombe. Tulichukua siku mbili kushuka, maana alikataa kumwacha hata mmoja. Siku tano baadaye kilele kiliangukia ndani, na mchana ukawa giza. Kibanda chake hakipo wala malisho hayapo. Sasa anakaa kwangu na hakuna kitu changu kinachompendeza. Anauliza kama mtoto ni msichana. Anasema ikiwa ni mvulana amedanganywa, na atapanda tena."

"Mwandikie leo," Syombua alisema haraka. "Leo leo."

"Ngoja, haijaisha." Echati akageuza ukurasa. "Ng'ombe mmoja alizaa njiani tukishuka, ndama jike, mzima. Koko amemwita Syombua. Anasema mwambie mama mkwe kwamba kwetu ng'ombe aliyepewa jina la mtu hachinjwi wala hauzwi, huzeeka nyumbani."

Chini timboni milio ilikuwa imekwisha na wanaume walikuwa wakitafuta chakula chao. Syombua aliketi na mtoto mapajani, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, bila kuyafuta, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi. Alikuwa Mkamba. Alijua kabisa amepewa nini.

"Na ana rangi gani huyo ndama?" aliuliza.

Echati aliipitia barua kwa kidole mpaka akapata.

"Mwekundu, Mwaitu," alisema. "Mwekundu, na doa jeupe usoni."